Jinsi ya kuingia kwenye gemu za miaka mingi (za fantasia na za kutisha) bila kupotea na bila kugombana na wenzako

Mtu akiuliza "jamani nataka kuanza Final Fantasy, nianze na ipi?" basi ujue hapo hapalaliki, mmoja atasema anza na VII, mwingine atasema VII imesifiwa kupita kiasi nenda VI, wa tatu atakuja na hasira zake kwamba tangu waache kupigana kwa zamu hakuna Final Fantasy tena, na yule alieuliza anaishia kurudi kwenye gemu yake ya mpira. Shida sio kwamba hao watu ni wabishi (ni wabishi kweli, ila sio hiyo), shida ni kwamba kila mmoja anaongelea gemu tofauti yenye jina lile lile. Kwa hiyo utaratibu wangu ni huu, kabla ya kuchagua namba jua mfululizo wenyewe umejengwaje, na kabla ya kubishana na mtu muulize alicheza toleo lipi na kwa ugumu gani. Ukishika hayo mawili mengine mteremko.

Kwanza angalia stori inaendelea au inaanza upya

Final Fantasy tangu ile ya kwanza ya 1987 karibu kila namba ni dunia mpya na watu wapya, kinachobaki ni vitu vidogo vidogo kama wale ndege wa kupanda, chocobo, majina ya uchawi, na jamaa anaeitwa Cid ambae kila gemu ni mtu mwingine. Kwa hiyo kusema "siwezi kucheza X sijamaliza IX" ni kujitesa bure. Ila X-2 ya 2003 ni muendelezo wa X kabisa, ukiianza peke yake utabaki unashangaa akina Yuna wanahangaika na nini.

Resident Evil ni kinyume, hiyo ni stori moja inayotambaa tangu 1996, akina Chris, Jill, Leon na Claire wanazeekea humo humo. Elder Scrolls iko katikati, dunia moja lakini kila gemu ina jimbo lake na zama zake, Skyrim ya 2011 inatokea miaka 200 baada ya Oblivion ya 2006, so wakongwe wakianza kutaja majina ya wafalme wa zamani we tikisa kichwa tu endelea kuua madragoni. Zelda ndo usiseme, Nintendo wenyewe walitoa mpangilio wa miaka mwaka 2011 ambao stori inapasuka njia tatu, utamu wake ni kwenye kubishania, kwenye kucheza haukusaidii chochote.

Na namba zenyewe zinadanganya. Final Fantasy IV ilipofika Marekani 1991 iliuzwa kama II, na VI ikauzwa 1994 kama III, sababu II, III na V zenyewe zilikuwa hazijauzwa nje ya Japani, mpaka VII ilipokuja 1997 ndo namba zikanyooka. Kwa hiyo ukimkuta mkongwe anamwaga machozi juu ya "tatu", muulize kwanza kama hamaanishi sita. Upande wa Resident Evil kuna Code: Veronica ya 2000, haina namba kabisa lakini kwa stori ni ya maana kuliko baadhi ya zenye namba, na kuna Zero ya 2002 ambayo inatokea kabla ya ya kwanza, na bado sishauri uianze hiyo eti kwa sababu ya jina.

Pili chagua kwa jinsi inavyochezwa, sio kwa sifa

Hapa nakaa kidogo maana ndipo watu wengi wanapoanguka. Resident Evil ina zama tatu za kamera. Zama za mwanzo kamera imesimama pembeni ukutani na wewe unamgeuza stelingi wako kama kifaru cha vita, mbele, nyuma, kuzunguka. Zama za pili zinaanza na RE4 (yaani Resident Evil 4) ya 2005, kamera inakaa begani. Za tatu ni RE7 ya 2017, unaona kwa macho ya stelingi mwenyewe. Hizi ni kama gemu tatu tofauti, mtu anaependa moja anaweza kuichukia nyingine na wote mko sawa.

Kwa mtu mgeni kabisa mimi nasema anza na rimeki (gemu ya zamani iliyotengenezwa upya) ya RE2 ya 2019. Kamera ni ya kisasa ila akili yake ni ya zamani, umefungiwa kituo cha polisi, funguo ziko huku mlango uko kule, risasi za kuhesabu, na kuna lile jitu lenye kofia linakufuata, unasikia viatu vyake juu ya dari wakati we bado unahangaika na sefu. Ukiipenda hiyo rudi nyuma kwenye rimeki ya RE1 ya 2002. Hii kamera yake imesimama, mwanzoni utalaani, alafu mkono unazoea. Na kuna kitu kimoja ndani yake ambacho hakuna mtu anaesahau, zombi ukimuua ukamuacha pale sakafuni bila kumpasua kichwa wala kumchoma, baadae anaamka upya mwekundu, ana kucha, na anakimbia. Kuchoma kunataka mafuta ya taa na kiberiti, mafuta machache, na kiberiti kinakula nafasi kwenye mfuko ambao tayari umejaa. Kwa hiyo unapita kwenye korido unaangalia maiti unapiga hesabu, hii nitapita tena hapa? Huo ndo uoga wa gemu hizi, kelele na kushtukizwa ni nyongeza tu.

Usianze na RE6 ya 2012. Sitaki hata kueleza.

Silent Hill ni rahisi zaidi, ya 1 (1999) na ya 3 (2003) zimeungana stori, ya 2 inasimama peke yake, na hiyo ya 2 ndo ya kuanzia, iwe ile ya 2001 au rimeki ya 2024 waliyotengeneza Bloober Team wa Poland. Jamaa anaitwa James anapata barua kutoka kwa mkewe ambae ameshafariki miaka mitatu, inamwambia anamsubiri huko mjini, basi, nenda. Vaa hedifoni maana ile redio ndogo mfukoni inaanza kukwaruza kabla hujaona kitu, na mara nyingi kwenye ule ukungu hutaona kitu mpaka kiwe usoni. Ukungu huo kwenye ya kwanza ulikuwa pia ujanja wa kuficha kwamba PlayStation ilikuwa haiwezi kuchora mtaa mzima, ila wakauacha hata mashine zilipopata nguvu na walifanya vizuri sana. Kwenye setingi ugumu wa mapigano na ugumu wa mafumbo viko mbalimbali, weka mapigano iwe rahisi, mafumbo acha kawaida, hakuna anaekupa medali kwa kupiga yale majitu ya manesi kwa ubao. Ile HD Collection ya 2012 ikwepe. Na kama hutaki historia yoyote kuna Silent Hill f ya 2025, iko Japani ya miaka ya 1960, stori yake ya peke yake.

Final Fantasy jiulize swali moja tu, unataka kufikiri au unataka kubonyeza? Kufikiri nenda X (2001, imeshafanyiwa rimasta, yaani picha zimesafishwa), unaona kabisa pembeni nani anafuata kupiga, unapanga taratibu hata ukitaka kunywa chai katikati adui anakusubiri. Kama picha za zamani hazikusumbui basi VI. Kubonyeza nenda XVI ya 2023. Rimeki ya VII ya 2020 wengi wanaikimbilia na ni tamu, ila jua inaishia Midgar tu, mji ambao kwenye ile ya 1997 ni mwanzo mwanzo wa safari, na kuna mambo ndani yake yanamgonga zaidi mtu aliecheza ya zamani. Sisemi zaidi.

Tatu, namna ya kuongea na wenzako

Mfano halisi wa ugomvi. Mmoja anasema "RE2 nyepesi sana, nilikuwa nasevu kila baada ya dakika mbili", mwingine anawaka "wewe muongo, tepe za wino za kusevia hazitoshi". Wote wamecheza rimeki ile ile ya 2019! Ugumu wa kawaida unasevu kwenye taipureta unavyotaka, ugumu wa juu kila ukisevu unatumia utepe wa wino, kama ilivyokuwa 1996, na zikiisha zimeisha. Yaani mmoja kusevu ni choo, anaingia anatoka, mwingine kusevu ni maamuzi mazito kuliko kufyatua bunduki. Wangeulizana tu "ulicheza ugumu gani" wangekuwa marafiki.

Nyingine hiyo hapo, "Final Fantasy XIV ni mbovu", "XIV ndo bora kuliko zote". Ya mwaka gani? Ile ya 2010 ilikuwa mbovu kweli, waliifunga wakaijenga upya ikarudi 2013, kwa hiyo mtu aliekimbia 2010 hajacheza hiyo inayosifiwa. Na Silent Hill 2 mwisho wake unategemea ulivyoishi ndani ya gemu, ukizunguka na afya mbovu bila kujitibu, ukienda kuangalia kile kisu kwenye vitu vyako, gemu inakutazama kimya kimya inaandika. Sasa watu wawili waliopata miisho tofauti wanatukanana kuhusu James ni mtu wa aina gani wakati kila mmoja kamtengeneza James wake.

Ukitaka kuponda kitu sema kilichobadilika. "RE4 iliua uoga" ni kauli ya kurusha mawe tu, lakini ukisema RE4 adui wanaangusha risasi wakifa kwa hiyo kuua kunalipa, wakati zamani kila zombi alikuwa ni hasara, hapo mtu anaweza kukujibu kitu cha maana, pengine akakwambia sawa lakini ukisikia msumeno wa yule mwenye gunia kichwani kijijini ulitulia? Mazungumzo yanaenda.

Stori za ndani ya gemu nazo, tofautisha kilichoandikwa na gemu na kile shabiki alichokisia kwenye video ya masaa matatu. Na njia ya kutofautisha ni kusoma karatasi unazookota, wavivu wanaziruka. Kwenye RE1 kuna shajara ya mtu aliekuwa akilisha wale wanyama wa maabara, inaanza na stori za kawaida za kucheza karata na wenzake, ngozi inaanza kumuwasha, sentensi zinafupika, mpaka kurasa za mwisho ni neno neno tu na unaelewa kabla hujageuka kuangalia kabati. Ukurasa mmoja huo unakuambia kilichotokea kwenye lile jumba kuliko maelezo ya shabiki yoyote.

Spoila (kumharibia mtu stori ambayo hajaifikia): uliza "umefika wapi?" kabla hujafungua mdomo. Usijidanganye kwamba tukio la Final Fantasy VII ya 1997 kila mtu analijua, rimeki zinaleta watu wapya kila mwaka na wengine hawajui Aerith wa humo ni nani. Ukitaka kuongelea, taja gemu na sehemu kwanza alafu acha nafasi, mtu akimbie mwenyewe.

Ukishamaliza ya kwanza usifuate namba kama treni. Kwa Resident Evil mimi baada ya RE2 na RE1 naenda RE4 (rimeki ya 2023 iko poa, ya 2005 ina vichekesho zaidi), alafu RE7, alafu Village ya 2021 maana stelingi ni yule yule Ethan. RE5 weka kando mpaka upate mtu wa kucheza nae padi ya pili, maana ukimuachia kompyuta amuongoze mwenzako Sheva, dawa zote na risasi za bastola ataziteketeza yeye.