Kuilinda Waifai ya Nyumbani Lamu

Kuta za mawe ya matumbawe za nyumba za Mkomani, mtaa wa mji wa kale wa Lamu, ni nene, na kwa sababu hiyo wengi wetu huiweka ruta, kifaa kinachosambaza waifai, dirishani au juu darini, ambako mawimbi yake humfikia hata aliyeketi kwenye baraza ya jirani. Isogeze katikati ya nyumba ukiweza, ingawa ukuta peke yake haumzuii mdukuzi.

Kazi kubwa ni nywila, nazo ni mbili, jambo ambalo wengi hulisahau. Ya kwanza ni ya kuingilia mipangilio ya ruta yenyewe: fungua kivinjari, andika anwani iliyobandikwa chini ya kifaa, ambayo mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1, kisha ubadilishe neno la kiwandani, kwani mara nyingi ni lilelile katika ruta zote za aina hiyo. Ya pili ni ya kujiunga na mtandao. Iwe na herufi zisizopungua 15, kwa mfano maneno manne yasiyohusiana kama jahazi, kijiko, tausi na mvua (haya yenyewe usiyatumie, yameshaonekana), wala isiwe namba yako ya simu.

Katika sehemu ya usalama ya mipangilio ya ruta chagua WPA3, mfumo wa kusimba mawasiliano ya waifai uliotangazwa mwaka 2018, au WPA2 iliyoitangulia ikiwa ruta ni ya zamani. WEP, mfumo wa kale unaovunjwa kwa urahisi, usiikubali kabisa. Zima WPS, njia ya kujiunga kwa kubonyeza kitufe au kwa PIN, kisha usasishe programu ya ruta.

Wageni nao, hasa wakati wa Maulidi nyumba zinapojaa, wafungulie mtandao wao wa pembeni (guest network), ili simu zao zisikutane na kompyuta yako. Ukiona kwenye orodha ya vifaa vilivyounganishwa na ruta jina usilolitambua, badilisha nywila siku hiyo hiyo.