Endometriosisi na Kutafuta Ujauzito: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kumwona Daktari

Ikiwa kila hedhi inakulaza kitandani, na kwa miaka mingi umeambiwa kuwa hilo ni chango tu na litaisha ukizaa, usikubali jibu hilo kirahisi. Endometriosisi, yaani tishu zinazofanana na utando wa ndani wa mji wa mimba kuota nje yake, humpata takriban mwanamke 1 kati ya 10 walio katika umri wa kuzaa, na kujifungua si tiba yake.

Kabla ya kwenda kliniki, andika kwa mizunguko miwili au mitatu tarehe ya hedhi, siku za maumivu, na kama unaumia wakati wa tendo la ndoa au wa haja kubwa. Maelezo hayo yana uzito mkubwa, kwa kuwa ultrasaundi inaweza kuonekana safi ilhali ugonjwa upo.

Elewa pia kwamba wengi wenye ugonjwa huu hupevusha yai kama kawaida, hivyo kipimo cha mkojo kinaweza kukuonyesha siku za rutuba kila mwezi na mimba isishike. Mara nyingi kikwazo huja baada ya yai kutoka: makovu huigandisha mirija na ovari hata yai lisinaswe, na uchochezi ndani ya nyonga huyadhuru mayai na mbegu za kiume.

Jambo ninalosisitiza kuliko yote linahusu uvimbe wa ovari uliojaa damu nzito ya rangi ya chokoleti. Uvimbe huo unaweza kupunguza akiba ya mayai, lakini hata upasuaji wa kuuondoa unaweza kuipunguza zaidi. Kwa hiyo, kabla ya kusaini fomu ya ridhaa, omba kipimo cha damu cha homoni ya AMH, kinachokadiria akiba hiyo ya mayai, hasa ikiwa ovari zote mbili zimeathirika au uliwahi kupasuliwa.

Mweleze daktari waziwazi kama unatafuta mtoto sasa, maana vidonge vya homoni vinavyotuliza maumivu huzuia pia yai kupevuka. Ukiwa na miaka 35 au zaidi, usingoje kupita miezi 6 ya kujaribu. Mwende pamoja na mwenzi wako, naye apimwe mbegu mapema, kabla wewe hujapelekwa kwenye chumba cha upasuaji.