Kuchoma dhahabu bila kupeleka zebaki kijijini

Kwenye mialo ya Geita, yaani sehemu za kusagia na kuoshea mawe ya dhahabu, zebaki hufika kwa majirani kwa njia mbili: moshi wa kuchomea, na marudio (mchanga unaobaki baada ya kutoa dhahabu) yanayokokolewa na mvua.

Anza kwa kuipunguza. Usiimwage kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe. Osha mchanga kwanza, kisha changanya zebaki na ule mzito tu uliobaki kwenye karai. Vaa glovu za mpira. Kidonge cha dhahabu na zebaki unachokamua kwa kitambaa, karibu nusu yake ni zebaki, na ukikichoma wazi yote hupaa.

Kichome kwenye ritoti: chungu cha chuma chenye kifuniko cha boliti, bomba la chuma lililoinamia chini, na ndoo ya maji. Fundi wa kuchomelea huiweza, ila mkataze shaba na alumini, maana zebaki huzila. Tandika karatasi chini ya kidonge kisigande, ziba ukingo wa kifuniko kwa majivu yaliyokandwa na maji, na zungushia bomba kitambaa kibichi.

Hapa ndipo wengi hukosea: ncha ya bomba isizame. Chungu kikianza kupoa hufyonza maji, na maji yakigusa chuma chekundu, kinalipuka. Ncha ikomee juu kidogo ya maji, ifungwe kitambaa kilicholowa kinachoning'inia hadi ndani ya ndoo.

Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357, kwa hiyo mkaa wenye kipulizio unatosha. Matone yakikoma, endelea kuchoma dakika 10 hivi, kisha ondoa moto. Usifungue kabla hakijapoa kabisa. Mvuke uliobaki utauvuta wewe. Fanyia kazi hii nje, mbali na nyumba. Hakuna ritoti isiyovuja kabisa.

Dhahabu ikitoka na rangi ya kahawia, mnunuzi atataka kukupunja. Rangi hiyo huisha ikiyeyushwa. Kabla ya hapo bado ina zebaki kidogo, inayopaa wakati wa kuyeyusha, ndiyo maana duka la sonara lisilo na bomba la moshi huwadhuru wanaokaa jirani.

Marudio yakae kwenye bwawa lenye sakafu ya mfinyanzi na kingo za juu, walau mita 60 kutoka chanzo cha maji, kama sheria ya mazingira ya 2004 inavyotaka. Usiwauzie wenye vati (matangi ya kutolea dhahabu kwa sianidi) marudio yenye zebaki: sianidi huiyeyusha, ikasafiri na maji. Ikifika ziwani, bakteria huigeuza kuwa sumu inayoingia kwenye samaki, na sangara mkubwa, mla samaki wenzake, hubeba nyingi kuliko dagaa. Mjamzito apikiwe dagaa.