Bakapu ya MikroTik kwa brauza tu, kwa wenye wifi za vocha Mwanza

Wadau wa wifi za vocha, kuanzia Kirumba Mwaloni mpaka Igoma na Buhongwa, mvua zikianza tunazijua radi za ukanda huu wa ziwa zilivyo, kwahiyo kama una rauta ya MikroTik na hujawahi kuichukulia bakapu (nakala ya akiba ya setingi zake) fanya leo, ni kazi ndogo sana na brauza inatosha.

Unganisha laptopu na rauta, kwenye brauza andika 192.168.88.1 au IP uliyobadilisha mwenyewe, ingia na pasiwedi yako, hapo upo WebFig, yaani ukurasa wa kuendeshea rauta. Nenda menyu ya Files, bonyeza Backup. Jina weka la kueleweka, mfano mwaloni na tarehe, halafu weka na pasiwedi ya faili, maana humo ndani kuna setingi, siri ya wifi, vocha ulizotengeneza kwenye Hotspot, na RouterOS (mfumo unaoendesha rauta) za siku hizi usipoweka pasiwedi faili linabaki wazi. Iandike mahali hiyo pasiwedi, ukiisahau faili halifunguki tena.

Sasa wengi wanaishia hapo wakiona wamemaliza, kumbe faili bado limo ndani ya rauta ileile, radi ikiondoka na rauta imeondoka na bakapu yako. Lidaunlodi pale pale kwenye Files, weka kwenye laptopu na nakala nyingine ubaki nayo kwenye simu au flashi. Tena kuna kitu hiki angalia: kama kwenye Files unaona folda inaitwa flash, basi faili lolote lililo nje ya hiyo folda linafutika rauta ikizima, na umeme wetu unavyokatika unaweza kuamka asubuhi ukakuta hamna kitu.

Faili la pili la kuchukua ni la maandishi. Fungua Terminal (sehemu ya kuandika amri) humo humo WebFig, andika /export file=mwaloni, na kama uko RouterOS 7 ongeza show-sensitive mwishoni, la sivyo pasiwedi hazitoki. Utapata faili la .rsc. Hili usilidharau kabisa, kwa sababu lile la kwanza, la .backup, limekusudiwa kurudi kwenye rauta ileile, linabeba mpaka MAC adresi zake (namba za utambulisho wa poti zake), ila .rsc ndilo litakalokuokoa ukilazimika kununua rauta nyingine. Ukurasa wa kulogin wenye picha na bei zako haumo kwenye faili lolote kati ya hayo, pakua folda ya hotspot pembeni. User Manager, programu ya ziada ya kutengenezea vocha, kama unaitumia nayo ina bakapu yake peke yake.

Uchukue mara ngapi? Kila ukishatengeneza vocha mpya, kabla hujaziuza. Mvuvi jana amenunua vocha ya wiki, wewe unarudisha bakapu ya mwezi uliopita, namba yake haimo, anakuja dukani na kikaratasi chake mkononi na pesa yake ni halali kabisa, utamwambiaje?

Kurudisha kwenye rauta ileile: Files, apload faili, bonyeza Restore, weka pasiwedi, inajizima na kuwaka yenyewe. Kwenye rauta mpya, fungua kwanza .rsc kwa Notepad uangalie majina ya poti kama yanaendana na hiyo mpya, juu kabisa ongeza mstari :delay 15s ili poti ziwahi kuamka, apload (kama kuna folda ya flash liweke humo), kisha System, Reset Configuration, tiki No Default Configuration na kwenye Run After Reset chagua hilo faili. Likikutana na kosa linasimama katikati, hapo uwe na Winbox (programu ya MikroTik ya kwenye laptopu) karibu uingie kwa MAC adresi badala ya IP. Pasiwedi ya admin haimo kwenye .rsc, iweke upya haraka, halafu jaribu vocha moja ya zamani na moja mpya kabla hujawaruhusu wateja.