Axio ya haibridi iliyozeeka: jinsi ya kuitunza ikae miaka mingi zaidi

Toyota Corolla Axio ya haibridi, ile yenye chasisi NKE165, ilianza kuuzwa Japani Agosti 2013. Za mwanzo sasa zimepita miaka kumi, na nyingi zilizoko Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam zimeshapita mikono miwili au mitatu. Kinachomtisha mnunuzi siku zote ni betri kubwa. Hofu hiyo ina msingi, ila betri hiyo mara nyingi haifi kwa uzee mtupu. Inapikwa na feni iliyojaa vumbi, au inahukumiwa bure kwa kosa la betri ndogo ya volti 12. Fundi wa AC aliyetia oili isiyo yake naye anaweza kulizima gari zima, kisha lawama zikaiangukia betri. Mwongozo huu unashughulika zaidi na vitu hivyo vya bei rahisi, kwa sababu ndivyo vinavyoamua kile cha bei ghali kitaishi muda gani.

Kilichomo ndani

Betri kubwa iko chini ya kiti cha nyuma. Ni ya aina ya nikeli-metali haidraidi: moduli 20 za volti 7.2 zilizounganishwa kwa mfuatano, jumla volti 144, Ah 6.5. Zidisha upate nishati yake: haifiki hata kilowati-saa moja. Ni ndogo, na inatumika kwa kuchajiwa na kutolewa chaji kidogo kidogo, maelfu ya mara. Kompyuta huizuia isijae kabisa wala isikauke, huiweka takribani kati ya asilimia 40 na 80. Inveta iliyoko mbele hupandisha umeme huo hadi volti 520. Nyaya zote za umeme huo mkubwa zina rangi ya chungwa, na waya wa rangi hiyo haufunguliwi na mtu asiye na glavu za umeme za volti 1,000.

Injini ni 1NZ-FXE ya cc 1,496, ya cheni. Haina mkanda hata mmoja: pampu ya maji, kompresa ya AC na usukani vyote vinaendeshwa kwa umeme. Haina alteneta wala stata ya kawaida. Injini huzungushwa na mota iliyo ndani ya giaboksi kwa kutumia betri kubwa. Hapo ndipo wengi hunaswa: ukiishiwa petroli ukaendelea kujikokota kwa umeme mpaka betri kubwa ikauke, hata ukitia mafuta gari linaweza kukataa kuwaka, na kulibusti kwa nyaya za volti 12 hakutasaidia. Tangi ni la lita 36 tu. Taa ya mafuta ikiwaka, nenda kituoni.

Ukienda kununua

Usomaji wa kilometa peke yake usiuamini. Linganisha na karatasi ya mnada au cheti cha kusafirishia gari kutoka Japani. Kisha fanya majaribio mawili, yote hayahitaji kufungua kitu.

La kwanza ni la betri. Liendeshe gari dakika 20 lipate joto, liegeshe, liache kwenye READY (hali ya kuwa tayari kuondoka) likiwa P, washa AC baridi kabisa na feni juu, na taa kubwa. Injini itazimika na betri itabeba mzigo peke yake. Kwa betri nzima, kutoka chaji ya kati mpaka injini iwake tena kuchaji, tarajia dakika kadhaa. Ikiwaka kila baada ya dakika moja, na vijiti vya chaji kwenye skrini vinaruka kutoka chini hadi juu kwa haraka, ujazo umeshapungua sana.

La pili ni la injini. Kwa kawaida injini ya haibridi hujizima kabla hujaisikiliza vizuri, na muuzaji mjanja anaipenda tabia hiyo. Ilazimishe iendelee kuwaka. Hatua hizi zikamilike ndani ya sekunde 60:

1. Weka ON bila kukanyaga breki, gari likiwa P.
2. Kanyaga mafuta hadi mwisho mara mbili.
3. Kanyaga breki, weka N, achia breki, kanyaga mafuta hadi mwisho mara mbili.
4. Rudisha P, kanyaga mafuta mara mbili tena.
5. Kanyaga breki na uwashe kama kawaida.

Injini itanguruma bila kuzimika. Sikiliza kama inagonga au inatetemeka, tazama moshi, angalia kama tangi la kulanti linatoa mapovu. Ukimaliza, zima kabisa. Usiliendeshe gari barabarani likiwa katika hali hii, giaboksi inaweza kuumia.

Juu ya hayo, chomeka kifaa cha OBD2 (cha kusomea kompyuta ya gari) cha Bluetooth na usome kwa programu ya simu kama Dr. Prius. Tazama volti za makundi ya moduli wakati gari linapanda mlima na wakati linashuka likichaji. Seli moja ni volti 1.2, kwa hiyo kundi lililo chini ya wenzake kwa zaidi ya volti moja lina seli iliyokufa. Tofauti ya volti 0.2 au 0.3 si ya kukunyima usingizi. Na kama hakuna kosa hata moja lililohifadhiwa, uliza betri ndogo ilifunguliwa lini, maana makosa hufutwa asubuhi mnunuzi akija mchana.

Hewa ya betri

Betri hii hupozwa kwa hewa ya ndani ya gari. Kuna grili ya plastiki ukingoni mwa kiti cha nyuma, na nyuma yake feni. Barabara zetu za vumbi huijaza feni hiyo kuliko barabara za Japani zilivyowahi kuijaza. Begi la abiria, koti au gunia likiziba grili kwenye safari ya Dar hadi Morogoro mchana wa jua kali, moduli za katikati ndizo huumia kwanza, kwa kuwa ndizo zisizopata upenyo wa kutoa joto.

Grili ifyonzwe kwa vacuum kila mwezi ikiwa gari ni la teksi, kila miezi mitatu kwa gari la familia. Feni yenyewe ishushwe mara moja kila kilometa 40,000. Zima gari, peleka funguo mbali, toa nguzo hasi ya betri ndogo, chomoa plagi ya usalama ya rangi ya chungwa ukiwa na glavu, subiri dakika 10. Kisha toa kiti na plastiki, fungua feni, safisha kila ubao wa gurudumu lake kwa brashi laini. Usipulizie kompresa feni ikiwa bado mahali pake: utaliingiza vumbi ndani ya betri. Kosa P0A82 maana yake ni feni. Usikubali kuuziwa betri kwa kosa hilo.

Na kwa kuwa hewa inatoka ndani ya gari, ukiendesha bila AC vioo vimefungwa kwenye joto la nyuzi 35, betri inapumua joto hilohilo. AC hapa si anasa.

Betri ndogo

Siku dashibodi itakapowaka taa zote kwa pamoja, haibridi, breki, usukani, anza na betri ya volti 12. Ikipumzika usiku mzima isome angalau 12.4, nzima ni 12.6. Gari likiwa READY isome takribani 14, maana inachajiwa na inveta. Chini ya 12 asubuhi, ibadilishe kabla hujalipia uchunguzi wowote.

Haiko chini ya boneti bali nyuma, kwenye nafasi ileile ya watu. Kwa hiyo lazima iwe ya aina iliyofungwa, yenye bomba la kutolea gesi nje, na bomba hilo lirudishwe. Betri ya kawaida ya maji kutoka dukani isiingie humo hata ikienea. Ukibustiwa, nguzo ya kuchomekea iko kwenye boksi la fyuzi mbele. Kugeuza nyaya, hata kwa sekunde moja, kunaweza kuunguza inveta. Na usilitumie gari hili kubusti magari ya watu. Mwambie jirani ukweli.

Kulanti mbili, oili mbili

Matangi ya kulanti ni mawili: la injini na la inveta. Yote hutumia kulanti ya waridi ya Toyota iliyokwisha kuchanganywa. Maji ya bomba hapana. Ratiba ya Toyota ni kilometa 160,000 kwa injini na 240,000 kwa inveta mara ya kwanza, kisha kila 80,000. Kwa gari ambalo historia yake huijui, badilisha zote mbili ukilinunua, ujue umeanzia wapi. Baada ya kujaza upande wa inveta, weka READY, acha pampu izungushe, ongeza mpaka mapovu yaishe. Gari likizimisha nguvu mlimani na kutoa P0A93, pampu ya inveta imechoka au kuna hewa.

Giaboksi inatumia ATF WS pekee, na mafuta hayo ndiyo yanayopoza mota zilizozama humo. Badilisha kila kilometa 80,000. Fungua kwanza bolti ya kujazia ndipo ufungue ya chini. Ya kujazia ikikataa kufunguka baada ya kumwaga, umekwama. Gari likiwa limesimama sawasawa, jaza mpaka oili ianze kuchuruzika kwenye tundu la kujazia. Kopo la lita 4 linatosha.

Oili ya injini ni lita 3.7 pamoja na filta, 0W-20. 5W-30 inafaa kwenye joto letu. Kila kilometa 5,000 hadi 7,000, usisubiri 10,000. Injini inayowaka na kuzima kila dakika haipati nafasi ya kukausha unyevu kwenye oili.

Kisha oili ya AC, ambayo karibu hakuna anayeiuliza. Kompresa ni ya umeme mkubwa, na oili yake ni ND-OIL 11, isiyopitisha umeme. Oili ya PAG ya magari ya kawaida ikiingia, umeme huanza kuvuja kwenda kwenye bodi, kompyuta hutoa P0AA6 na gari hukataa kuwa READY. Kusafisha mfumo baada ya hapo ni kazi kubwa, mara nyingine kompresa yenyewe hubadilishwa. Kabla fundi hajagusa valvu, mwambie akuonyeshe chupa. Mashine iliyotumika kwenye magari ya mkanda bila kusafishwa mipira yake nayo ni hatari.

Injini inayotetemeka asubuhi

Mgandamizo wa injini hii ni 13.4 kwa 1, na mfumo wa EGR hurudisha moshi uliopozwa ili kupunguza joto la mwako. Masizi huziba kipoza cha EGR, valvu na njia za manifoldi. Dalili huanza na mtikisiko wa sekunde chache asubuhi, kisha ulaji wa mafuta kupanda, kisha P0401. Ukipuuza, joto la mwako linapanda na gasketi ya silinda hedi ndiyo inayolipa. Kila kilometa 100,000 vitolewe vyote vitatu, siyo valvu peke yake, vilowekwe dawa ya masizi na vitundu vya manifoldi vipitishwe waya mmoja mmoja.

Mtikisiko ukiambatana na kulanti inayopungua bila kuvuja popote, acha habari ya masizi. Pima presha ya mfumo wa kupoza usiku kucha. Asubuhi toa plagi za injini utafute unyevu.

Breki

Pedi hudumu sana kwa kuwa mota ndiyo inayopunguza mwendo kwa sehemu kubwa. Hasara yake ni kwamba pini za kalipa hukaa bila kazi na kushika kutu, hasa Pwani. Zitolewe, zisafishwe na kupakwa grisi ya silikoni kila mwaka, hata kama pedi bado nene. Maji ya breki, DOT 3, kila miaka miwili. Kutoa hewa kunahitaji mashine ya kuamuru pampu ya breki. Kupampu kwa mguu hakutoshi. Mlio wa pampu ukifungua mlango wa dereva ni kawaida. Ukijirudia kila sekunde chache, mfumo hauhifadhi presha, na hilo ni la kushughulikiwa wiki hii hii.

Kwenye foleni usikae N, kwa kuwa katika N betri kubwa haichajiwi. Gari likilazwa muda mrefu, liwashe READY nusu saa kila wiki mbili. Likivutwa, magurudumu ya mbele yainuliwe. Likifurika maji hadi vitini, usiwashe hata taa.

Betri ikifa kweli

P0A80, kosa la betri kubwa yenyewe, ikirudi baada ya kusafisha feni na kuthibitisha betri ndogo, kubali. Njia ni tatu. Kubadilisha moduli moja mbovu ni rahisi, lakini mpya na zilizochoka haziendi pamoja. Baada ya miezi michache inaanguka nyingine. Tunaishauri kwa gari linalouzwa tu, na mnunuzi aambiwe. Betri iliyotumika kutoka Toyota Aqua au Axio nyingine ni kamari yenye bei ya wastani: ipimwe ikiwa na mzigo, siyo volti za mezani. Seli mpya ndizo zenye maana kwa anayekusudia kukaa na gari miaka mitano mbele.

Yoyote utakayochagua, mwambie fundi asafishe vibapa vya shaba vinavyounganisha moduli, maana Mombasa na Zanzibar huwa kijani kabisa, na nati zake zikazwe kwa spana ya torki, kama Nm 5 hivi. Zikilegea zinaunguza, zikikazwa kwa nguvu za mkono zinang'oa nguzo ya moduli. Soma volti za makundi siku ileile, uzihifadhi kwenye simu, kisha uzisome tena baada ya kilometa 1,000 kabla dhamana haijaisha.