Lishike ganda kwa kitako, si kwa kiwiliwili

Kwa mnaojaza risasi wenyewe huku Marekani, hasa za kulenga shabaha: mkikata maganda ya risasi yaliyorefuka, msiyabane ubavuni kwa koleo wala jiliwa. Ubavu ni mwembamba, hasa kuelekea mdomoni; ukikaza kidogo tu, ganda linakuwa yai. Ukilegeza, linazunguka pamoja na kisu na mdomo unatoka na meno kama ya msumeno.

Sehemu nene ni kitakoni, kwenye ule ukingo. Tumia kishikilio kinachoushika ukingo wenyewe, cha saizi ya ganda lako. Kabla ya kukaza, futa masizi kwa kitambaa. Mimi nilihangaika jioni nzima na maganda yaliyokatika mshazari, nikilaumu kisu, kumbe kulikuwa na chembe moja ya shaba imelala ndani ya kishikilio. Kaza, kisha jaribu kulizungusha ganda kwa vidole. Likicheza, usikate.

Na ukizungushia drili, vua glavu. Zinanaswa.

Kata baada ya kulirudisha ganda kwenye umbo lake kwa kulibana ndani ya kalibu, si kabla, maana kule kulibana hulirefusha. Ganda la saizi ya .223 Remington halitakiwi kuzidi urefu wa milimita 44.70, wengi hulikata hadi 44.45. La .308 Winchester ni 51.18, nalo hukatwa hadi 50.93. Halafu kwangua vinyuzi vya shaba mdomoni, ndani na nje, polepole.