Unapiga msuli kila siku halafu kwenye pepa unakuwa mweupe? Soma hivi

Wadogo zangu mnaojiandaa na mitihani, kwanza kusahau sio ujinga. Kuna Mjerumani anaitwa Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe, alikuwa anakariri silabi zisizo na maana yoyote halafu baada ya muda anazikariri upya aone kazi ya kukariri imepungua kiasi gani kuliko mara ya kwanza, kitabu chake kikatoka 1885, akakuta kusahau kunakimbia sana mwanzoni, ndani ya lisaa limoja tu zaidi ya nusu ya ile kazi ya mwanzo imeshapotea, halafu baada ya hapo kasi inapungua. Ndo maana somo la leo ukikaa bila kuligusa, wiki ijayo unaliona kama jipya.

Sasa wengi mnachofanya ni kurudia madesa yale yale mara tano mara sita na kupaka rangi kila mstari. Macho yanazoea ukurasa, unajiambia hii naijua, kumbe ukifunga daftari huwezi kuielezea.

Fanya hivi. Soma mada moja, funga daftari, chukua karatasi tupu andika kila unachokumbuka bila kuchungulia. Mara ya kwanza kitatoka kidogo mno na utajisikia vibaya, usiache, maana kule kuhangaika kulivuta jambo kichwani ndo kunalifanya likae. Halafu fungua, jaza ulichoacha kwa peni nyekundu. Kule Marekani watafiti Roediger na Karpicke walilijaribu hili kwa wanafunzi, wakatoa matokeo 2006: wakipimwa baada ya dakika 5 waliorudia kusoma walikuwa mbele, ila baada ya wiki waliojipima bila kuangalia wakawapita. Na mtihani wako hauji baada ya dakika 5!

Kesho yake karatasi tupu tena kabla hujafungua chochote, halafu baada ya siku tatu, halafu wiki, halafu wiki mbili hivi, sio lazima ziwe siku hizo hizo, la msingi upite muda uanze kusahau kidogo ndo urudie. Waliopita madrasa wanalijua hili vizuri sana, anayehifadhi Qurani hasongi tu na sura mpya akaacha za nyuma, kuna murajaa, yaani kuzirudia ulizokwisha hifadhi, ustadhi kashika msahafu na wewe unatoa kichwani.

Kingine, vitu vinavyofanana vinavurugana, mfano kwenye baiolojia mitosisi na meiosisi, njia mbili za seli kugawanyika. Ukisoma kila kimoja peke yake utachanganya tu, viweke ukurasa mmoja uandike tofauti: mitosisi seli inagawanyika mara moja unapata mbili zenye kromosomu idadi ile ile, meiosisi inagawanyika mara mbili unapata nne zenye nusu.

Na jamani laleni. Ukiwa usingizini ubongo unayapitia upya ya mchana na kuyaimarisha, kwahiyo anayekesha mpaka asubuhi anakata kazi katikati, nampenda sana mwanafunzi mwenye bidii lakini kukesha siku ya mwisho siwezi kukushauri.

Ukiwa ndani ya chumba cha mtihani jibu likagoma, mara nyingi lipo ila njia ya kulifikia ndo haionekani, usiligande. Ruka, fanya mengine, ukirudi jiulize hii mada ilianzia wapi, ilifuatana na nini, ule mchoro uliuchora upande gani wa karatasi. Weka alama kwenye swali uliloruka usije ukakusanya pepa hujalijibu.